Nthiwa, Swichi ya Stoo na Mbuzi wa Ntheo

Kaka yangu Nthiwa hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kuchungulia nyuma ya televisheni. Utamkaribisha, utamtolea kiti, na kabla hujamaliza kuuliza habari za huko atakuwa ameinama kwenye kona, anafuata waya kwa kidole kuona unaishia wapi. Mama yetu, ambaye sisi humwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyomwita mama, husema mtoto alizaliwa hivyo. Mimi husema alidekezwa. Alipovuka miaka arobaini bila mke, majirani wa Kathonzweni waliacha hata kuuliza, na hilo ndilo lililomuumiza Mwaitu kuliko maswali yenyewe.

Mimi ni Kanini, dada yake mdogo, ninauza mbegu na dawa za mifugo. Nasema hivyo mapema ili mjue kwamba sina elimu ya kompyuta, na kwamba nikiyaeleza mambo ya Nthiwa nayaeleza kama nilivyoyaelewa nikiwa nimesimama kati ya magunia. Kama nimekosea, mwambieni yeye. Atafurahi sana, atawaeleza upya kwa muda mrefu, na mtajuta.

Nthiwa ni fundi wa mtandao katika chuo kimoja cha ufundi upande wa Kwa Vonza. Kazi yake ni kuhakikisha kompyuta za ofisi, maktaba na madarasa zinaongea. Zinaongea kupitia visanduku vyenye matundu mengi ya kuchomekea waya, na visanduku hivyo huitwa swichi. Mwaka ule alipoajiriwa alikuta ugonjwa mmoja wa ajabu. Kila siku, saa ya chai ya asubuhi, mtandao wa chuo kizima ulikufa kwa muda kama wa dakika moja. Ukafufuka. Watu wakashukuru Mungu, wakarudi kazini, na baada ya chai ukafa tena.

Wahasibu walikuwa na maoni yao. Walimu walikuwa na yao. Kikundi cha maombi cha wafanyakazi kiliamua kwamba jambo linalokuja kwa saa yake namna hiyo si la kawaida, kikamleta mchungaji, na mchungaji akaweka mkono juu ya kabati la mitambo akaomba kwa nguvu hadi feni ikaanza kutetema. Siku ile mtandao haukufa. Haukufa hata kidogo! Ushuhuda ulitolewa Jumapili. Jumatatu, saa ya chai, ukafa kama kawaida, na mchungaji akasema imani ya ofisi ya uhasibu ni haba.

Nthiwa hakubishana. Aliketi na kompyuta yake akaziuliza swichi swali moja: mkubwa wenu ni nani?

Hapa inabidi nieleze, na nitajitahidi kuwa mfupi kuliko yeye. Mafundi hupenda kutandika waya kwa mzunguko, ili waya mmoja ukikatika kuwe na njia nyingine. Ni busara. Lakini swichi hazina akili ya kujua kwamba ujumbe huu nimeshauona. Swichi ikipata tangazo, inalipitisha kwenye matundu yake yote mengine. Kama kuna mzunguko, tangazo linazunguka na kumrudia aliyelitoa, naye analipitisha tena, likiwa jipya machoni pake. Halizeeki, halifi. Linaongezeka mpaka hakuna nafasi ya neno lingine lolote, na chuo kizima kinakaa kimya kwa sababu ya kelele.

Kwa hiyo swichi zimepewa utaratibu wa kuugeuza mzunguko kuwa mti. Kwanza zinachagua mzizi. Kila moja inatangaza namba yake, na yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo mzizi. Fundi anaweza kuipa swichi anayoitaka namba ndogo ya makusudi. Asipofanya hivyo, zote zinalingana, na hapo inaangaliwa namba ambayo kiwanda kiliiandika ndani ya chuma, na mara nyingi kikongwe ndicho chenye namba ndogo. Si kwamba ni bora. Ni kwamba kilitangulia kuzaliwa.

Sasa katika chuo kile hakuna fundi aliyewahi kuchagua. Swichi zote zilimtaja mzizi wao, na Nthiwa akaufuata waya kwa kidole, kama afanyavyo majumbani mwa watu, ukamtoa kwenye ofisi, ukampitisha nyuma ya bweni, ukamwingiza kwenye stoo ya jikoni. Zamani stoo ile ilikuwa ofisi. Chini ya rafu, nyuma ya magunia ya ndengu, kulikuwa na kisanduku kilichopauka, kimefunikwa vumbi na maganda, taa zake zinapepesa. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtandao mzima. Barua za mkuu wa chuo zilizotumwa maktaba, mlango wa pili tu, zilipitia kwanza kwenye ndengu.

Na mbele ya kisanduku alikuwa amesimama mpishi, birika la umeme mkononi, tayari kuchomoa waya wa stima wa kisanduku ili achomeke birika. Stoo ile ilikuwa na soketi moja. Mpishi huyo anaitwa Mbinya.

"Usichomoe!" Nthiwa alipiga kelele, yeye ambaye hajawahi kupiga kelele hata mbuzi wakila mahindi.

"Kwani hii kitu ni ya nani?" Mbinya akauliza. "Mimi huichomoa kila siku. Haijawahi kulalamika."

"Chuo yote ndio hulalamika. Hii ndio mkubwa wa swichi zote hapa."

Mbinya alikitazama kisanduku. "Hii? Yenye panya wamekojolea?"

Hivyo ndivyo siri ya saa ya chai ilivyofahamika. Birika likichomekwa, mzizi unakufa, swichi nyingine zinasubiri kidogo, zinaona kimya, zinaanza uchaguzi upya. Chai ikiiva, kisanduku kinarudishiwa stima, kinaamka, kinatangaza namba yake ndogo, na uchaguzi unarudiwa kwa sababu mzee amerudi. Na ile siku ya mchungaji? Mbinya alikuwa ameomba ruhusa kwenda kliniki ya meno.

Mtu mwingine angebeba kisanduku akakitupa. Nthiwa alipachika soketi ya pili, akaipa swichi ya ofisi kuu namba ndogo ya makusudi ili iwe mzizi, akakiacha kile kikongwe pale pale kikiwa msaidizi wake. Kazi ikaisha. Lakini kila siku, saa ya chai, alikwenda stoo kuhakikisha kwamba kisanduku ni salama. Alihakikisha kwa miezi mingi. Mbinya alimwekea kikombe chake, kile kisicho na ufa, na siku Nthiwa aliponipigia simu kuniuliza kama ndengu zinaweza kuharibu swichi, nikajua kwamba kaka yangu amepata mtu.

Mwaitu alipoambiwa alikaa chini papo hapo, njiani, kwenye majani.

Kwetu Ukambani, bila mbuzi wa ntheo huna mke, una mgeni anayekupikia. Mbuzi watatu wanapelekwa kwa kina msichana, mmoja anachinjwa na kuliwa pale nyumbani, na tangu hapo kila mtu anajua binti ana mwenyewe. Mnaweza kufunga harusi kanisani yenye keki ya ghorofa nne. Bila ntheo wazee watakula keki na kuwaangalia tu. Kwa kina Mbinya ni Kyuso, juu kabisa kaskazini ya Kitui, na baba yake, Mzee Jonah, ni mfugaji mwenye maneno machache. Alitoa sentensi moja: waje na ntheo Jumamosi.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyotaka kutuua.

Mbinya alimwambia Nthiwa. Lakini pia shangazi yake Mbinya, Kalekye, alimwambia mjomba wetu Muindi, kwa kuwa wanajuana kwenye mikutano ya injili. Mjomba Muindi ni ndugu ya Mwaitu. Ana sauti ya kutangaza msiba hata akiomba chumvi. Akampigia Mwaitu. Mwaitu akampigia Nthiwa. Nthiwa, kwa uangalifu wake, akamuuliza Mbinya kama ni kweli, Mbinya akamuuliza baba yake, na Mzee Jonah akadhani tumesahau, akasema tena kwa ukali kidogo: waje na ntheo Jumamosi. Kalekye akaichukua hiyo ya ukali akamfikishia Muindi. Muindi akaiona ni agizo jipya. Ikazunguka hivyo wiki nzima, na kila ilipozunguka ilirudi kwa mtu ambaye hakukumbuka kwamba ni yeye aliyeitoa. Simu zetu zililia hadi tukawa tunazificha ndani ya unga.

Jumamosi ikafika. Mjomba Muindi alikuwa wa kwanza Kyuso, na pikapu, na mbuzi watatu, akijua kwamba agizo lilikuwa lake. Mzee Jonah akawapokea. Alikuwa bado anawafunga kamba alipowasikia wanawake wa kanisa wakija wanaimba. Ni Mwaitu na wenzake, na mbuzi watatu. Naye Nthiwa, aliyekuwa amepata ujumbe wa mwisho kabisa kutoka kwa Mbinya kwamba baba anauliza mbona mbuzi hawajafika, akatokea jua likiwa utosini, anatokwa jasho, anavuta mbuzi watatu.

Mimi nilikuwa na Mwaitu, na uso wa Mzee Jonah sitausahau.

Yeye ana mabinti watatu. Mbinya ni wa kati. Mdogo bado yuko sekondari. Mkubwa ameolewa, ana watoto, na mume wake alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha heshima akinywa chai. Mume yule alihesabu mbuzi. Akahesabu mabinti. Akaweka kikombe chini polepole, akasimama.

"Ntheo mara tatu," Mzee Jonah alisema. "Nimewapa ruhusa ya msichana mmoja. Mnataka boma yote?"

Mjomba Muindi alianza kueleza. Mwaitu alieleza juu ya maelezo ya Muindi. Nthiwa alieleza juu ya yote mawili, akataja neno mzunguko, na mume wa dada mkubwa akauliza kwa sauti ya juu ni nani huyo anayemzunguka mke wake. Tulirudi Kathonzweni na mbuzi wote tisa kwenye pikapu moja, na wanawake wa kanisa wakiwa wamekaa kati ya pembe, hawaimbi.

Siku chache baadaye Kalekye alileta neno la Mzee Jonah. Tungeweza kurudi mara moja tu. Akisikia midomo miwili ikimletea neno moja tena, au akiona tumekuja kwa msichana ambaye si yule aliyemruhusu, mlango ufungwe na Mbinya atafutiwe mtu mwingine, mtu wa familia yenye utulivu.

Nthiwa alikuja dukani kwangu akiwa amekonda. Aliketi juu ya gunia la chakula cha kuku. Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma nyingi. Alimpenda yule mwanamke kabisa. Alikuwa hata ameacha kuangalia nyaya zangu.

Halafu akasema, "Kanini, hii si familia. Hii ni mtandao bila mzizi."

Akaomba kalamu ya kuandikia bei na gunia tupu. Akalitandaza juu ya meza, akachora duara kwa kila nyumba, na mistari ya nani humpigia nani. Alipomaliza lilionekana kama wavu wa kubebea kabichi. "Kwanza mzizi," akasema. "Namba ndogo." Namba aliyotumia ni mwaka wa kuzaliwa, na hapo hapakuwa na ubishi: ni Ndululu, kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, mzee wa fimbo mbili, ambaye katika purukushani yote ile hakuna mtu aliyekuwa amekumbuka hata kumwambia kuna ndoa.

"Sasa kila nyumba ichague tundu moja la kwenda kwa mzizi," Nthiwa akaendelea. "Moja tu. Ile njia ya gharama ndogo." Nikamuuliza kama gharama ni ufupi. Akasema hapana, ni upana wa waya. Ukitaka kwenda mjini Kitui huchukui njia ya mkato yenye makorongo, unazunguka na lami. Mwaitu na baba mkubwa Ndululu wanatenganishwa na ua wa minyaa. Hiyo ni lami. Nthiwa njia yake ya kumfikia mzee ni kupitia Mwaitu. Muindi vilevile, kupitia dada yake. Huko Kyuso, Mzee Jonah atazungumza na Ndululu moja kwa moja, mzee kwa mzee, na Mbinya na Kalekye watapata habari kwa Mzee Jonah.

"Kila tundu linaloelekea mzizi limepatikana," akasema. "Sasa tunaangalia kila mstari. Kila mstari unapata msemaji mmoja, ule upande ulio karibu na mzizi. Upande mwingine, kama si njia yake ya kwenda kwa mzizi, unafungwa."

Ikabaki mistari miwili. Wa kwanza ni wa mjomba Muindi na Kalekye. Wote wawili wako mbali sawa na Ndululu, kwa hiyo wakalinganishwa umri, na Kalekye akawa mkubwa kwa mwaka mmoja. Basi upande uliofungwa ni wa Muindi.

Nilikwenda na Nthiwa kumwambia, kwa sababu sikutaka kukosa.

"Mimi?" Muindi alisema, na kuku wakatawanyika. "Mimi mjomba yako, ninyamaze? Na huyo Kalekye, nani aliona cheti chake?"

"Mjomba, si kunyamazishwa. Tundu iliyofungwa haichomolewi waya. Inasikia kila kitu. Haipitishi tu."

"Nisikie na nisipitishe? Sasa nikishasikia niweke wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Mwaitu ndiye aliyemaliza kesi. Alimwambia kaka yake kwamba akifungua mdomo kabla mwanawe hajaoa, yeye atasimama kanisani na kueleza ni nani aliyelia kwa kuogopa sindano akiwa na miaka thelathini. Muindi akafunga.

Mstari wa pili ulikuwa wa Nthiwa mwenyewe na Mbinya. Wako mbali sawa na mzee. Nthiwa ni mkubwa kwa umri, kwa hiyo upande wake ni msemaji, na upande unaofungwa ni wa Mbinya. Katika habari zote za ntheo, yeye asikie tu, asimpelekee baba yake neno lolote kutoka kwetu, wala sisi neno lolote kutoka kwa baba yake. Hilo Nthiwa alikwenda kumwambia stoo, saa ya chai, na Mbinya ndiye aliyenisimulia.

"Kwa hivyo wewe uongee, mimi nisikie," Mbinya alisema. "Hiyo ni mambo ya swichi ama ndio ndoa imeanza?"

Nthiwa alimwambia kwamba hilo ndilo tundu muhimu kuliko yote. Linaitwa tundu la akiba. Njia ya kwenda kwa mzizi ikikatika, hilo husubiri kidogo, likaona ni kimya kweli, likafunguka lenyewe. Hakuna mtu wa kuliamuru. Mtu akiingiza mkono atalivuruga. Mbinya akamwambia anywe chai yake ipoe. Nafikiri alitaka kusema isipoe, lakini alikuwa amekasirika.

Wiki zile zilikuwa za amani ya ajabu. Simu ililia mara moja kwa siku, na ilikuwa ya kazi. Mzee Ndululu na Mzee Jonah walizungumza polepole, kuhusu malisho zaidi kuliko kuhusu ndoa, na nikaanza kuamini kwamba kaka yangu ana akili. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Baba mkubwa Ndululu hakumwita Mbinya kwa jina. Kila siku alimwita yule wa birika. Nilimwambia Nthiwa, akasema mzizi haurekebishwi katikati ya kazi.

Tulifika Kyuso asubuhi, na mbuzi watatu tu. Mume wa dada mkubwa alikuwa amekaa karibu na lango mikono imekunjwa, na alipoona ni watatu akaukunjua mkono mmoja. Tukaketi. Wanawake wa boma walikuwa ndani wanapika, Mbinya akiwa nao, kama desturi inavyotaka. Bwana harusi naye hasemi lolote siku ile, hiyo ni kawaida yetu tangu zamani kabla ya swichi. Mzee Ndululu alisema yote vizuri: salamu, ukoo, mvua, heshima. Alikuwa na sauti ndogo lakini ilikuwa moja, na niliona mabega ya Mzee Jonah yakilegea.

Ndipo Mzee Jonah akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeumwa na nyoka akawa anaogopa hata kamba: "Nataka nisikie vizuri mara hii. Kwa hii boma yangu, mmekujia nani?"

Baba mkubwa Ndululu akafungua mdomo. Nikauona uso wake ukitafuta. Akapapasa fimbo ya kwanza, akapapasa ya pili.

"Yule," akasema. "Yule... wa..."

Jina halikuja.

Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo, tulikuwa tumefundishwa vizuri sana! Mwaitu alikuwa ameuma kona ya leso. Kalekye, upande wa pili, aliangalia juu. Mjomba Muindi alikuwa analijua jina, alikuwa nalo pale pale nyuma ya meno, shingo imevimba, machozi yanamtoka kwa kulizuia, na akamgeukia Nthiwa kwa macho ya kuomba ruhusa. Nthiwa alitazama viatu vyake. Hakuinua kichwa. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kupiga kelele Mbinya, Mbinya, Mbinya, na nikakumbuka midomo miwili, nikabana ulimi. Mume wa dada mkubwa akaikunja tena mikono yake. Mzee Jonah akaweka viganja juu ya magoti, kama mtu anayetaka kusimama.

Mlango wa jikoni ukafunguka wenyewe, kama tundu la akiba, bila mtu kuuamuru. Mbinya akatoka na birika mkononi, akaja moja kwa moja mpaka katikati ya wazee, mahali ambapo msichana hasimami siku ya ntheo.

"Baba, ni mimi," akasema. "Huyu mzee amesahau jina tu. Nimekuwa kimya wiki hizi zote nikisikia, sijakosa neno hata moja. Na ile siku ya kwanza walileta mbuzi mara tatu..." Akawageukia mbuzi. "Hawakutaka wasichana watatu, Baba. Walinitaka mimi mara tatu."

Mimi nililia, na sioni haya kusema. Mwaitu alilia. Mume wa dada mkubwa alijifuta pua kwa mgongo wa mkono na kujifanya ni vumbi. Mzee Jonah alimtazama binti yake, akawatazama mbuzi watatu, akamtazama Nthiwa, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa na alikuwa anamwona mtu mmoja tu katika boma lile.

"Huyu ndio alinyamaza?" Mzee Jonah akauliza, bado akimtazama Nthiwa.

"Ndiye," Mbinya akasema.

"Na wale wengine wote walijua jina yako wakanyamaza?"

"Walijua."

Mzee Jonah akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, akimwonyesha mjomba Muindi kwa kidole, kwa kuwa uso wa Muindi ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Akasema beberu achinjwe, akasema mtu mwenye watu wanaoweza kunyamaza namna ile kwa ajili yake apewe mke. Kisha akamwomba Muindi, kwa kuwa ameteseka kuliko wote, aombee chakula.

Muindi alisimama. Aliomba kuanzia uumbaji. Nyama ilipoa, mchuzi ukaganda, na hakuna mtu aliyemzuia, wala Nthiwa, ambaye alikuwa ameshika upande mmoja wa birika na Mbinya upande mwingine.